Mjomba haelezi, anasema "shika" tu: nitajifunzaje kulima kwa plau?

Shikamoo Bibi Shamba,

Nasoma safu yako tangu nilipoamua kurudi kwenye kilimo, na leo nina la kwangu la kuuliza.

Mama amechoka kulima na shamba ameniachia mimi. Miaka yote lililimwa na mjomba wangu, kaka yake mama, kwa plau ya maksai. Ni mzee aliyevuka miaka 70, na alianza kufuata ng'ombe akiwa mtoto mdogo. Mifuo yake imenyooka, udongo umepinduka sawasawa, magugu yamefunikwa yote, na maksai wake hawahangaiki hata kidogo. Nilipomwomba anifundishe alikubali palepale. Shida yangu ni namna anavyofundisha.

Haelezi. Ananiambia "shika", nashika. Hatua chache tu, plau inazama mpaka maksai wanasimama, au inaibuka na kuteleza juu ya ardhi bila kukata kitu. Nikiikandamiza irudi chini, ndiyo kwanza inazidi kutoka. Hapo Mjomba anakuja, ananipokea vishikio, anainama kidogo pale mbele mnyororo ulipofungwa, kisha anaondoka nayo kana kwamba hakuna kilichotokea. Neno ninalopata ni moja: "Usipigane nayo." Nikimwuliza nizamishe kiasi gani, anatia mkono kwenye mfuo na kusema "hivi". Nikimwuliza baada ya mvua tungoje siku ngapi, anaokota udongo, anaufinya, anautupa, anasema "Bado haujakubali", tunarudi nyumbani. Kesho yake mimi naona udongo ni uleule, yeye anafunga nira. Siku nyingine hunigombeza kwa sauti mbele ya vijana wanaotusaidia, na siku hiyo sishiki tena.

Kuna na jambo la pili. Upande wa juu wa shamba una mteremko, na Mjomba anaulima kutoka juu kwenda chini. Shuleni nilifundishwa kwamba mteremko hulimwa kwa kukingama. Nimenyamaza, maana sijui mwanafunzi asiyeweza kunyoosha mfuo mmoja atamwambiaje mwalimu wake kwamba pale sipo.

Kaka zangu wanasema nikodi trekta nimwache mzee apumzike. Rafiki yangu hunitumia video za kulima. Nikizitazama naelewa, nikifika shambani nimepotea. Na Mjomba ameanza kuchoka. Akilima nusu ya asubuhi hukaa kivulini muda mrefu. Naogopa kwamba hiki anachokijua kitaondoka naye, na mimi nilikuwa pembeni yake wakati wote nisikipate.

Nimwulize vipi mtu asiyeeleza?

Mpwa wa mkulima

—

Marahaba mwanangu.

Katika barua yako kuna sentensi uliyoiandika kwa kupita, na ndiyo niliyoirudia kuisoma: Mjomba anainama kidogo pale mbele mnyororo ulipofungwa, kisha anaondoka. Somo ulilokuwa ukilitafuta limo humo. Wewe unaitazama mikono yake kwenye vishikio, kwa sababu hapo ndipo unaposhindwa. Yeye kazi ameimaliza kabla hajavishika.

Nenda ukaitazame plau ikiwa imelala. Mwisho wa mhimili wake, upande wa maksai, utaona kipande cha chuma chenye matundu au meno, na ndoana ya mnyororo inakaa kwenye mojawapo. Ukiipandisha ndoana tundu moja, plau inainamisha pua na kukata chini zaidi. Ukiishusha, inakata juujuu. Urefu wa mnyororo nao una kazi yake: ukiurefusha, mvuto unalala na plau inazama, ukiufupisha, maksai wanaivuta kwenda juu na inaibuka. Ndiyo maana plau iliyotulia nyuma ya maksai warefu inaweza kukusumbua siku utakapofunga wafupi kwa mnyororo uleule. Unachokitafuta ni mstari mmoja ulionyooka, kuanzia pale udongo unapoishika plau chini, ukapita kwenye ndoana, ukafika kwenye nira. Mstari huo ukivunjika, plau inajitahidi kuunyoosha yenyewe, kwa kuzama au kwa kupanda, na wewe mwenye vishikio unaburutwa kwenye ugomvi usio wako.

Matundu yanayokwenda kushoto na kulia ni ya upana. Kama plau yenu inapindua udongo kulia, ukiihamishia ndoana kulia, pua inageukia kushoto, upande ambao haujalimwa, na inakata kipande kipana. Ukiihamishia kushoto, kipande kinapungua. Gurudumu, kama lipo, liwe la mwisho kupangwa. Kazi yake ni kushikilia kina ambacho mnyororo umekwisha kukiweka. Wapo wanaolazimisha kina kwa gurudumu peke yake. Plau inabaki inalikandamiza gurudumu ardhini safari nzima, na maksai ndio wanaolipa.

Sasa vishikio. Plau inapoibuka, mwili wako unakuambia uikandamize, kama unavyofanya kwa kila chombo unachotaka kiingie ardhini. Kwa plau ni kinyume. Ukikandamiza vishikio inakaa juu ya kisigino chake na ncha ya mbele inanyanyuka, kwa hiyo inatoka zaidi, kama ulivyoona. Ikiibuka, nyanyua vishikio kidogo, ncha itainama na kuuma tena. Ikizama kupita kiasi, ndipo ukandamize, kidogo vilevile. Na ukijikuta unafanya hivyo kila hatua, simamisha maksai uende kwenye mnyororo. Vishikio ni vya kusahihisha jiwe au mzizi uliokutana nao, havijawekwa vya kubeba kosa la ndoana mfuo mzima.

Kwa hiyo Mjomba anaposema "Usipigane nayo", nadhani wewe unasikia lawama juu ya mikono yako, lakini ni maelekezo kamili ya kazi. Anakuambia plau haijakaa, ipange.

Utaniuliza, mbona yeye ameilima vizuri asubuhi hiyohiyo, na mimi naipokea inagoma? Angalia mahali alipokupa. Udongo wa shamba moja haufanani kuanzia mwanzo mpaka mwisho. Mkitoka kwenye sehemu ngumu na kuingia kwenye laini, plau ileile yenye ndoana kwenye tundu lilelile itazama. Mkitoka laini kwenda ngumu, itateleza juu. Mzee anahisi mabadiliko hayo kwenye mikono kabla hayajawa tatizo, anatoa shinikizo dogo hapa, analegeza pale, na ukizidi anainama na kuhamisha tundu. Chunguza pia ule ulimi wa chuma unaokata udongo chini. Ukiwa umelika ncha, plau haiumi tena hata uipange vipi, na mkulima mzoefu anaweza kuufidia kwa ustadi mpaka akasahau kwamba anaufidia. Wewe huna bado ustadi wa kufidia chuma kilichoisha. Ubadilisheni au mpelekeeni mhunzi.

Kuhusu kina, "hivi" ya Mjomba ni kipimo kamili, ila kimekaa kwenye mkono wake. Akitia tena mkono kwenye mfuo, angalia udongo umefika wapi, kwenye vifundo vya vidole au kwenye kiwiko cha kiganja, kisha pima mahali hapo kwa rula. Plau ya maksai kwa kawaida hulima kati ya sentimita 10 na 20. Ukishajua namba yake, tafuta alama yako mwenyewe, maana mkono wako si wake. Na usitamani kuzidisha. Maksai kwa kazi ya kawaida huvuta kwa muda mrefu nguvu iliyo karibu na sehemu moja ya kumi ya uzito wake, basi maksai wawili wa kilo 350 kila mmoja wana kama kilo 70 za kukupa asubuhi nzima. Kutoka sentimita 12 kwenda 18 kwa upana uleule, umeongeza udongo unaokatwa kwa nusu nzima. Wakisimama, hawana uvivu, wamefika mwisho wa walicho nacho.

Lakini kila mwaka kina kilekile nacho kina hatari yake: chini ya pale ulimi unapopita panajengeka tabaka gumu, mizizi ikifika hapo inakunja na kwenda pembeni. Ng'oa magugu makubwa mwishoni mwa msimu utazame mizizi yake. Ukiiona imepinda ghafla kwenye kina cha plau, kamwonyeshe Mjomba, mzungumze.

Nije kwenye "Bado haujakubali", maana hapo ndipo wengi wanapoharibu shamba kwa haraka ya siku moja. Umemwuliza siku ngapi, naye hana jibu la siku. Hakuna mkulima mwenye jibu hilo. Mchanga hukubali mapema, mfinyanzi huchelewa. Jua na upepo vikiwepo ni mapema, mawingu yakitanda ni baadaye. Anachofanya kwa vidole ni kuuliza udongo wenyewe. Fanya hivi mara atakapoinama: chimba pembeni yake mpaka kina ambacho plau itafika, kwa sababu juu hukauka kwanza na hudanganya. Chukua udongo wa chini, ufinye uwe donge, kisha lisukume kwa kidole gumba. Likipasuka na kumeguka, lima. Likibonyea tu na kubaki na alama ya kidole inayong'aa, ngoja. Unaweza pia kuuviringisha kati ya viganja uwe uzi. Ukifika unene wa milimita 3 haujakatika, bado una maji mengi.

Sababu ni hii. Mfinyanzi uliolowa ukipitiwa na chuma haumeguki, unapakwa. Vitundu vya hewa na maji vinazibwa, kwato zinakanyaga na kuubana, na ukikauka unapata madongo magumu yatakayokusumbua msimu mzima. Ukiona kipande kinachopinduka nyuma ya plau kinang'aa, simama hata kama umefika katikati ya shamba. Upande mwingine, udongo uliokauka kupita kiasi unapasuka mabonge, plau inarukaruka, maksai wanaumia mabega. Kati ya hali hizo mbili kuna muda mfupi, na Mjomba anaujua. Kesho yake wewe uliuona udongo uleule kwa macho. Yeye alikuwa ameushika.

Ukifinya donge lako, usimwulize limefaa au la. Sema wewe kwanza: "Mjomba, mimi naona bado." Halafu mpe donge lako alifinye. Akikubali, umejua, akikataa, umejua zaidi. Mtu wa aina yake huona tabu kujibu swali pana, lakini kosa lililowekwa kiganjani mwake hulisahihisha mara moja, na mara nyingi hulisahihisha kwa maneno.

Hapa ndipo ninapotaka ukae, kwa sababu ndiyo uliyoniuliza hasa. Mjomba hakufichi. Alianza kufuata ng'ombe akiwa mtoto, na alichojifunza kiliingia kwenye miguu, mgongo na viganja kabla hajawa na umri wa kukitafutia maneno. Huwezi kumwomba akueleze kitu ambacho hakuwahi kuelezwa. Kilimo cha plau kimevuka vizazi hivyohivyo. Kule Kalibangan, kaskazini-magharibi mwa India, wachimbaji wa mambo ya kale walifukua shamba lililolimwa takriban mwaka 2800 kabla ya Kristo, mifuo yake ikipita pande mbili zinazokatana, upande mmoja imebanana na mwingine imeachana. Walipoinua macho, wakaona wakulima wa jirani bado wanalima kwa mpangilio wa namna hiyo. Hakuna aliyekuwa ameuandika. Kila mmoja alikuwa amemfuata mtu mzima aliyemtangulia, akatazama, akashika, akasahihishwa.

Kwa hiyo badilisha maswali. "Nifanyeje?" ni swali linalomfungia mlango. Uliza kitu kimoja, kidogo, palepale kinapotokea: "Ulihamisha tundu gani?" "Ulihisi nini mkononi hata ukasimama?" "Ungenipa mimi hapa, plau ingeelekea wapi?" Akishika yeye, usitembee nyuma yake ukimtazama mgongo, tembea pembeni, upande ambao haujalimwa, macho yako yakiwa kwenye ulimi na ndoana. Kuna wakati mwombe uweke mkono wako juu ya kishikio kimoja yeye akiwa ameshika vyote viwili. Utahisi jinsi alivyolegea. Hilo hakuna video itakayokupa, kwa sababu video inaonyesha plau inakwenda wapi, haionyeshi mikono ina uzito gani.

Tena naona umeanzia mwisho. Kushika plau ni darasa la juu. Omba kuanza mbele, na maksai. Ongoza kwa kamba yeye akishika vishikio, mpaka maksai wajue sauti yako. Maneno yawe yaleyale anayotumia yeye, mafupi, kwa sauti ileile; ukiwaambia leo hivi na kesho vile, utawachanganya, na maksai aliyechanganyikiwa huvuta pembeni. Jifunze nani anatembea ndani ya mfuo na nani anatembea juu, kwa sababu wamezoea nafasi hizo. Jifunze kuangalia shingo zao nira ikitolewa: palipotoka manyoya au pamevimba ni kidonda kinachokuja, na nira hiyo irekebishwe kabla haijafungwa tena. Mjomba alipoanzisha maksai wachanga, nakuhakikishia alimfunga mchanga pamoja na mzoefu. Wewe pia ufungwe hivyo. Mwombe akupe jozi yake iliyotulia kuliko zote, hata kama kuna nyingine yenye nguvu zaidi.

Mfuo wa kwanza usiuguse msimu huu. Ule wa kufungua shamba hauna kitu cha kufuata, na ukipinda, yote inayofuata itarithi kupinda kwake. Hata kwenye mashindano ya dunia ya kulima, ambayo yalifanyika kwa mara ya kwanza Kanada mwaka 1953, waamuzi huutolea ufunguzi alama zake peke yake. Mwache Mjomba aufungue, wewe uingie kuanzia wa pili, maksai mmoja akiwa ameshika njia ndani ya mfuo uliokwisha kuwapo. Macho yako yasibaki kwenye plau. Chagua alama upande wa pili wa shamba, mti au fito uliyoichomeka, uiangalie hiyo kati ya maksai wawili. Anayeitazama miguu yake hupinda, na hajui amepinda mpaka afike mwisho.

Kugombezwa mbele ya vijana kunauma, sitakuambia hakuumi. Mwambie, mkiwa wawili, jioni kazi imekwisha: "Mjomba, ukinisahihisha shambani nakupokea, lakini sauti ikiwa kubwa mikono inakaza na plau inazidi kunishinda." Ni kweli, na ni lugha ya kazi, ataielewa. Lakini usiache kushika siku hiyo. Ukiacha, yeye anasoma kwamba umechoka na jambo lenyewe.

Sasa mteremko. Hapo umefundishwa sawa. Mfuo unaotoka juu kwenda chini ni mfereji uliochimbiwa maji. Mvua kubwa ikija yanashika kasi na kuondoka na udongo mzuri wa juu, ule uliochukua miaka mingi kujengeka. Mfuo unaokingama unayapunguza mwendo, yanapata muda wa kunywewa. Usinyamaze kwa sababu hujui kunyoosha mfuo. Mtu anaweza kuwa na mkono mzuri kuliko wote na bado akaulima mteremko vibaya, kwa kuwa hayo ni maarifa mawili tofauti. Marekani katika miaka ya 1930 nyanda zilizolimwa na wakulima hodari kabisa, majani ya asili yakiwa yamepinduliwa na ardhi kuachwa wazi, zilipeperushwa na upepo ukame ulipofika, mawingu ya vumbi yakafunika miji. Mwaka 1935 serikali yao iliunda idara ya kuhifadhi udongo, na miongoni mwa mambo ambayo wakulima wale walijifunza upya ni kulima kwa kufuata kontua, yaani kukingama mteremko kwa mistari inayokaa usawa mmoja. Walikuwa watu wazima, wenye uzoefu, na walijifunza.

Lakini uliza kabla hujamwambia. Huenda ana sababu. Pengine sehemu ile hutuama maji na alikuwa anayatafutia njia. Pengine maksai wakikingama plau inatupa udongo upande wa juu, nao unarudi kuanguka mfuoni, kwa hiyo magugu hayafunikwi vizuri. Hilo ni tatizo la kweli, na dawa yake ni kupanga safari ili udongo uangukie upande wa chini. Pengine baba yake alifanya hivyo, basi. Kila sababu ina mazungumzo yake. Baada ya mvua kubwa, mwombe mtembee pamoja mpaka mwisho wa chini wa shamba, umwulize tu: "Mjomba, udongo huu uliorundikana hapa umetoka wapi?" Mwache ajibu yeye. Kisha mwombe ukanda mmoja wa kukingama, yeye mwenyewe ndiye aufungue kwa mkono wake uliozoea, muangalie mvua zijazo zitaufanyia nini pembeni ya ule mwingine. Mkulima aliyezoea kuuliza udongo kwa vidole hatashindwa kusoma jibu hilo.

Kwa kaka zako, wajibu kwamba trekta haliondoi lolote katika haya. Dereva ataingia na uzito mkubwa kuliko maksai, na kwenye udongo uliolowa atabana chini zaidi kuliko kwato zozote. Ni nani atakayemwambia "bado" siku hiyo, kama si mtu aliyejifunza kufinya donge? Sina ugomvi na trekta. Nina wasiwasi na shamba lenye trekta lakini halina mtu wa kuusoma udongo wake. Wapo pia wanaoacha kupindua udongo wote, wakachana mistari tu ya kupandia na kuacha mabaki ya mazao juu, ili unyevu na uhai wa udongo visipotee. Huenda siku moja ukaamua hivyo kwa sehemu ya shamba. Nayo inahitaji maksai waliotulia, mstari ulionyooka na jicho la unyevu.

Uchovu wa Mjomba nao uupangie kazi. Asilime nusu ya asubuhi ndipo akupe wewe plau, maana hapo amechoka, maksai wamechoka, na jua limepanda. Wewe uanze, kukiwa na ubaridi, safari chache tu, yeye akitembea mikono mitupu. Akae kivulini wakati wewe unageuza maksai. Rekodi sauti yake akikusahihisha, siyo akihojiwa, na jioni uandike tundu la ndoana, urefu wa mnyororo, sehemu ya shamba na hali ya donge la siku hiyo. Baada ya msimu utakuwa na daftari la shamba hilo, kwa plau hiyo, kwa maksai hao.

Kwa sasa, kabla mvua hazijafika, mwombe muifungue plau yote pamoja, nati kwa nati, muisafishe kutu na kuipaka mafuta. Kila kipande kikiwa mkononi mwake mwulize kimoja tu: "Hiki kikilegea, mimi nitakihisi vipi nikiwa nyuma?" Nisalimie sana Mjomba.

Bibi Shamba